Jicho la Karani: Emeric Essex Vidal na Picha za Buenos Aires



Nimepewa nafasi nizungumzie picha zilizochorwa na mabaharia katika nchi za watu. Uwanja huo ni mpana, nami sitaweza kuuzunguka wote jioni hii. Nitamshika mtu mmoja, Mwingereza Emeric Essex Vidal, aliyezaliwa mwaka 1791 na kufariki mwaka 1861. Alitumikia jeshi la majini la nchi yake, na katika utumishi huo alichora kwa rangi za maji mji wa Buenos Aires, mji wa Montevideo ulio ng'ambo ya mto, na nyanda zilizo nyuma yake. Picha zake 24 zilichapishwa London mwaka 1820. Kwa Waargentina wa leo, hizo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa zinazowaonyesha watu wa kawaida wa nchi yao, na gaucho, mchungaji wa ng'ombe wa nyanda za Pampas, anasemekana kuchorwa mara ya kwanza na mkono wa Vidal.

Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili mnipime kwayo. Msafiri huchora kwa jicho la kazi yake. Tunapotaka kujua picha ya mgeni inaweza kutushuhudia nini, tumezoea kuuliza kama mchoraji alikuwa na kipaji, au kama aliwapenda wenyeji au aliwadharau. Hayo yana nafasi yake. Lakini la kuulizwa kwanza ni hili: mtu huyu alikuwa akilipwa afanye nini?

Kuchora kama kazi ya chomboni

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: kwa nini manowari za Ulaya zilijaa watu wanaojua kuchora? Jibu halihusu sanaa. Upigaji picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839 tu. Kabla ya hapo, nahodha aliyekaribia pwani asiyoijua alitegemea mambo mawili: bildi ya kupimia kina, na umbo la nchi kavu. Mlima ule wenye nundu mbili, mnara wa kanisa ulio kushoto kwa msitu, mwamba mweupe kwenye rasi, hivyo ndivyo vilivyomjulisha yuko wapi. Kwa hiyo ramani za baharini zilichapishwa pamoja na sura ya pwani kama inavyoonekana kutoka majini, mstari mrefu mwembamba uliochorwa kwa uangalifu. Aliyeukosea mlima katika mchoro wake aliweza kuwapandisha wenzake mwambani.

Ndiyo maana jeshi la majini la Uingereza lilifundisha vijana wake kuchora. Katika chuo chake cha Portsmouth, somo hilo lilishikwa tangu mwaka 1811 na John Christian Schetky, mchoraji wa vyombo na bahari aliyefahamika sana wakati wake. Elimu ya namna hiyo humpa mtu tabia fulani za mkono. Huzoea upeo wa macho ulio chini na mbingu iliyo kubwa. Huchora haraka, maana chombo hakisimami kumngoja. Na rangi za maji zilimfaa baharia kwa sababu zisizo za kishairi hata kidogo: kisanduku chake ni kidogo, zinakauka upesi, na karatasi inaingia katika sanduku la nguo.

Tabia hizo zinaonekana kwa Vidal. Buenos Aires yake, inapotazamwa kutoka majini, ni ukanda mwembamba wa kuta na minara ya makanisa uliobanwa kati ya mto mpana wa rangi ya udongo na mbingu isiyo na mwisho. Mwingine angeona hakuna cha kuchora. Nchi ni tambarare, haina milima wala maporomoko, vitu ambavyo wasomaji wa London walivitarajia katika kitabu cha mandhari. Mtu aliyelelewa na upeo wa bahari hakuona shida. Pampas kwake ilikuwa bahari nyingine, na mwendo wa mikokoteni ndani yake ulikuwa kama msafara wa vyombo.

Mtunza vyakula

Lakini Vidal hakuwa nahodha, wala hakuwa mpima pwani. Aliingia jeshini mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka 15, na muda si mrefu akawa karani wa vyakula wa manowari. Naomba tusimame kidogo kwenye jambo hili, kwa kuwa wanaosifu picha zake hulipita haraka.

Karani huyo ndiye aliyeshika mikate mikavu, nyama ya chumvi, pombe kali, tumbaku, mishumaa na nguo za mabaharia. Alinunua bandarini, akagawa chomboni, na akawajibika kwa kila pipa. Aliweka dhamana ya fedha kabla ya kukabidhiwa kazi, na sehemu kubwa ya kipato chake haikuwa mshahara. Ilikuwa faida ya kile alichonunua na kugawa. Kwa muda mrefu ratili ya karani ilikuwa na wakia 14 mahali pa 16, na wakia mbili zilizobaki zilihesabiwa kuwa fidia ya vinavyomwagika na kuoza. Mabaharia walimchukia kwa ajili ya wakia hizo mbili. Zilikuwa moja ya malalamiko ya maasi makubwa ya mwaka 1797 katika manowari za Uingereza, na baada ya maasi hayo kipimo kikarekebishwa.

Vidal alifika katika mto wa La Plata mwaka 1816 akiwa katika manowari ndogo iitwayo Hyacinth, na alikuwa katika kituo cha Amerika Kusini hadi mwaka 1818. Manowari za Uingereza zilikuwa huko kulinda wafanyabiashara wao. Maofisa wengine walishuka pwani kufanya ziara na kucheza ngoma za jioni katika nyumba za matajiri. Karani alishuka kununua nyama, maji, kuni na mboga. Mji aliokutana nao alfajiri ulikuwa mji wa wachuuzi.

Mji unakula nini

Sasa fungueni kitabu chake mkiwa na habari hiyo, mtaona picha zinajipanga.

Kuna gati lisilo gati. Mto wa La Plata ni mpana kiasi kwamba mtu akisimama ukingoni haoni ng'ambo, lakini kando ya Buenos Aires maji ni haba. Meli zilitia nanga mbali sana na mji. Abiria na mizigo walishushwa katika mashua, na mashua nazo zilipokwama, mikokoteni yenye magurudumu marefu kuliko mtu iliingia mtoni kuwapokea. Vidal anaichora mikokoteni hiyo ikiwa ndani ya maji, na farasi maji yamewafika tumboni. Kwa mtu ambaye kila pipa lake lilipita njia hiyo, hili halikuwa jambo la kuchekesha. Lilikuwa gharama.

Kuna mkokoteni wa maji. Visima vya mji vilikuwa na maji ya chumvichumvi, kwa hiyo maji ya kunywa yalitekwa mtoni, yakatiwa katika pipa kubwa lililolazwa juu ya magurudumu mawili na kuvutwa na ng'ombe, yakapitishwa mitaani huku kengele ikilia. Maji yenyewe yalikuwa na matope. Mama wa nyumba aliyatia katika mitungi na kuyaacha yatulie kabla ya kuyatumia. Vidal amechora namna pipa lilivyofungwa, mahali kengele iliponing'inia na fimbo ya mwendeshaji. Mtafiti wa leo anayetaka kujua mji ule ulipataje maji kabla ya mabomba hana mchoro bora kuliko huo.

Kuna wavulana wa maziwa, waliokuja kutoka mashambani wakiwa juu ya farasi, vyombo vya maziwa vikiwa vimefungwa pande zote mbili za tandiko. Kuna mkokoteni wa nyama. Kuna machinjio ya kusini mwa mji, wapanda farasi wakiwakamata ng'ombe kwa kamba, ndege wa mizoga wakingoja. Kuna soko mbele ya ngome, ngome iliyokuwa mahali ambapo leo ipo ikulu ya Argentina. Kuna wavuvi wanaoingia mtoni wakiwa wamesimama wima juu ya migongo ya farasi wao, wavu ukiwa katikati yao. Kuna mikokoteni ya safari ndefu iliyoezekwa kwa ngozi, ya aina iliyoleta divai na matunda makavu kutoka Mendoza, chini ya milima ya Andes, umbali wa kilomita 1,000 hivi.

Maji, maziwa, nyama, samaki, mboga, divai, usafirishaji. Hiyo ni orodha ya karani. Mchoraji aliyesomea chuo cha sanaa angeanza na makanisa na magavana. Vidal anayo makanisa, likiwemo lile la Santo Domingo, ambako Waargentina wameweka bendera za askari wa Uingereza walioshindwa walipouvamia mji mwaka 1806. Lakini moyo wa kitabu uko katika mambo yanayoingia jikoni. Hata mzaha wake ni wa mtu anayejua bei ya vitu: anamchora ombaomba akiomba sadaka akiwa juu ya farasi, katika nchi ambayo farasi alikuwa rahisi kupatikana hata kwa fukara.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo msemo unafaa hapa kwa namna yake. Mwenyeji wa Buenos Aires aliusikia mkokoteni wa maji kila siku, akaona hauna haja ya kuwekwa katika picha. Mgeni mwenye daftari la matumizi aliuona, akauchora, na mwenyeji wa leo ananufaika.

Yaliyokosekana

Jicho la kazi lina faida, na lina upofu wake. Miaka ambayo Vidal alikuwa huko haikuwa miaka ya kawaida. Tarehe 9 Julai 1816 wajumbe walikutana Tucumán na kutangaza uhuru kutoka kwa Hispania. Mwanzoni mwa mwaka 1817 José de San Martín alilivusha jeshi lake milima ya Andes, na mwezi Februari akawashinda Wahispania huko Chacabuco, Chile. Mwezi Januari mwaka huohuo Wareno walikuwa wameuteka Montevideo. Katika kitabu cha Vidal vita hivyo karibu havipo. Askari wa Kibrazili wa jeshi hilo la Wareno, kutoka São Paulo, wapo, lakini wanaonyeshwa kwa mavazi yao, si kwa kuuteka mji. Uingereza ilikuwa haijaamua kuitambua serikali mpya. Iliitambua kwa mkataba mwaka 1825. Ofisa wake alitakiwa kuwa nje ya ugomvi, na picha zake nazo zikawa nje ya ugomvi.

Upofu wa pili unatugusa zaidi. Karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires katika miaka ile walikuwa watu wenye asili ya Afrika, watumwa na waliokombolewa. Wengi walitoka Kongo, Angola na Afrika Magharibi, lakini wengine walisafirishwa kutoka Msumbiji, pwani hii ya Bahari ya Hindi, wakizungushwa Rasi ya Tumaini Jema. Sheria ya mwaka 1813 iliwaacha huru watoto watakaozaliwa na mama watumwa. Mama zao iliwaacha utumwani, na utumwa wenyewe ulifutwa na katiba ya Argentina ya mwaka 1853. Waafrika hao ndio waliofua nguo za mji mtoni, waliochuuza barabarani, waliobeba zulia la kupigia magoti nyuma ya mabibi waliokwenda kanisani. Vidal aliishi kati yao. Anaowachora, anawachora kama mikono inayofanya kazi. Wametoka wapi na wanamilikiwa na nani, hilo halimo. Daftari la karani linaandika mzigo umefika. Haliandiki aliyeubeba alilala wapi usiku.

Nalisema hili bila kumshtaki mtu aliyekwisha kufa. Ni kuonya kwamba picha nzuri ya kazi ya mtumwa inaweza kutufanya tuusahau utumwa wake. Atakayezitumia picha hizi kuandika historia ya Weusi wa Argentina hana budi kuziweka kando ya sensa, hati za mauzo na vitabu vya ubatizo.

Kutoka daftarini hadi dukani

Kati ya karatasi ya Vidal na macho ya msomaji kulikuwa na watu wengine. Mchapishaji wake, Rudolph Ackermann, alikuwa Mjerumani aliyefanya biashara ya vitabu vya picha katika mtaa wa Strand, London. Picha ya rangi za maji ilipelekwa kwa fundi aliyeinakili katika bamba la shaba, akalichoma kwa asidi sehemu kwa sehemu ili kupata vivuli, kisha nakala zikachapwa na kupakwa rangi kwa mkono, moja moja. Kila mkono uliongeza au kupunguza. Nyuso zilisawazishwa, mawingu yakapangwa vizuri, mavazi yakang'arishwa. Wanunuzi walikuwa watu wenye uwezo, na baadhi yao walikuwa na fedha walizotaka kuziwekeza katika masoko mapya yaliyofunguka baada ya Hispania kulegea. Kitabu kilichowaambia kwamba huko kuna ng'ombe wasiohesabika, ngozi tele na mto unaoingia ndani ya nchi hakikuwa mapambo tu. Ackermann mwenyewe, katika miaka iliyofuata, alichapisha vitabu kwa Kihispania kwa ajili ya wasomaji wa Amerika hiyohiyo.

Ndiyo maana wachunguzi wa Argentina walizitafuta karatasi zenyewe alizozigusa Vidal. Katika karne ya 20 mkusanyaji Alejo González Garaño alizikusanya na kuzichapisha. Mtu akiweza kulinganisha karatasi na chapa, hujua kilichoonwa ufukweni na kilichotiwa dukani.

Ndugu yake Mombasa

Emeric alikuwa na ndugu, Alexander Thomas Emeric Vidal, naye ofisa wa majini, na huyu alifika kwetu. Mwaka 1822 Kapteni William Owen alitumwa kupima pwani za Afrika akiwa na manowari mbili, Leven na Barracouta. Homa iliua zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao Uingereza, akiwemo nahodha wa Barracouta, na Alexander Vidal akashika nafasi hiyo. Mwezi Desemba 1823 aliingia Mombasa. Wamazrui, ukoo uliotawala mji na uliokuwa ukimkabili Seyyid Said wa Omani, walimwomba ulinzi wa Uingereza. Yeye hakuukubali, lakini Owen alipofika mwezi Februari 1824 aliukubali, nao ukakaa hadi mwaka 1826.

Safari hiyo ilirudi na ramani zipatazo 300. Katika ramani za namna hiyo pwani yetu ni pima za maji, miamba, njia za kuingilia na sura ya nchi kutoka baharini. Ndugu wawili wa nyumba moja, waliolelewa na jeshi moja: mmoja alituonyesha namna Buenos Aires ilivyopata maji ya kunywa, na mwingine alipita Mombasa akatuachia vina. Muuza maji wa Mombasa ya mwaka 1823 hamtampata kwa mpima pwani. Hakuwa na sababu ya kumtazama.

Wala hatukubaki mikono mitupu. Mombasa ileile ya Wamazrui ilikuwa na Muyaka bin Haji, na mashairi yake yanatupa kile ambacho hakuna manowari iliyoweza kukibeba: siasa za mji, kejeli zake, mapenzi na ugomvi wa mitaani. Hata hivyo, shairi halituonyeshi mtungi ulibebwaje. Kila shahidi ana lake. Miongo miwili baadaye, kati ya mwaka 1846 na 1848, ofisa wa Kifaransa Charles Guillain alipita Unguja, Mombasa, Lamu, Barawa na Mogadishu, akachapisha baadaye juzuu za maelezo pamoja na albamu ya picha. Huyu alitumwa kuchunguza biashara. Anayezitazama picha zake za miji na watu wa pwani akilikumbuka hilo atajua kwa nini macho ya Guillain yalitua yalipotua.

Tuzisome vipi

Nawaomba basi mambo mawili.

La kwanza ni kwa wenzangu wa makumbusho, nyaraka na uchapishaji wa vitabu vya shule. Picha za kale za pwani yetu hutundikwa na kuchapwa zikiwa na jina la mji na mwaka, basi. Ongezeni mstari mmoja: nani alichora, na alikuja kufanya kazi gani. Mtoto akijua kwamba mchoraji alikuwa mpima kina, hatashangaa kuona mji umekuwa kimstari chini ya mbingu, wala hatadhani kwamba mji ulikuwa mtupu. Mstari huo mmoja humfundisha kumhoji shahidi badala ya kumwamini au kumtukana.

La pili ni kwa wanafunzi. Msiishie kuzisoma picha za wageni. Mkokoteni wa maji wa mtaani kwenu, muuza kahawa na madele yake, wapakuaji wa majahazi, mafundi wa ngalawa, vyote hivyo vinabadilika mkiwa mnatazama. Vichoreni na kuvipiga picha, mkiandika pembeni jina la chombo, bei na namna kinavyotumika. Na kwa kuwa nyinyi ni wenyeji, mnaweza kuandika kile ambacho Vidal hakukiandika: jina la mwenye kazi, alikotoka, na anacholipwa. Fanyeni hivyo kwa ruhusa yake.

Vidal alikuwa mchoraji wa wastani aliyekuwa na jicho zuri kwa sababu ya kazi ambayo mabaharia waliidharau. Picha zake ni ushahidi wa kuaminika juu ya namna mji ulivyolishwa, ushahidi dhaifu juu ya vita vyake, na karibu hakuna ushahidi juu ya nafsi za watumwa wake. Zitumieni kwa kipimo hicho.